Mama Mkwe na Santuri Namba Moja

Jumamosi moja jioni, mama mkwe wangu aliingia chumbani kwangu bila kubisha hodi, akachomoa waya wa umeme ukutani, santuri ikafia katikati ya wimbo.

Tangu ahamie kwetu alikuwa hajawahi kukanyaga chumba kile. Mimi na yeye tuna mipaka yetu, mkwe ni mkwe.

"Nani kakupa hiyo?" akaniuliza.

"Nimenunua, mama."

"Nikiwa ndani ya nyumba hii, usiipige tena."

Akatoka. Nikabaki nimekodoa macho.

Mmekuwa mkiniuliza kwa nini orodha yangu ya mwaka huu inaanzia namba mbili. Wengine mmenitukana kabisa. Haya, vuteni viti, leo nasema yote.

Wageni humu ndani: mchana nauza magodoro, jioni nasikiliza santuri. Kila mwisho wa mwaka natoa kumi zangu bora. Si hizi zinazopigwa redioni kutwa. Mimi ni wa zile za chini kwa chini. Saikedeliki, yenye gitaa la kukwaruza na kinanda kinachozunguka mpaka kichwa chako nacho kinaanza kuzunguka. Na muziki wa gereji, yaani vijana wanne, gereji ya magari, amplifaya ya kuungaunga kwa mikono, basi, kelele zinaanza. Nyingi zilipotea miaka hiyo. Siku hizi kuna watu wanazisaka mpaka kwenye mabanda ya kuku na kuzitoa upya.

Mwaka huu mzigo ulikuwa mzito. Kuna wanafunzi wa ualimu waliorekodi wimbo wa dakika kumi, mpiga ngoma anakohoa katikati na hakuna aliyejali. Kuna jamaa walioingiza kichwa kwenye tangi la maji ili wapate mwangwi. Hao ni namba tatu, na ukibisha tutagombana.

Lakini namba moja haikuwa na mpinzani.

Santuri kubwa, nyimbo mbili tu, moja kila upande. Haina jina la bendi wala picha. Nyuma ya jalada wameandika kwamba imenakiliwa kutoka santuri ndogo, chakavu, iliyookotwa bila lebo. Unaweka sindano, inatoka sauti ya mwanamume, nzito, ya pole pole, na gitaa linajikokota nyuma yake. Nywele zinakusimama. Mtandaoni walimbatiza Mzee wa Pangoni.

Hiyo ndiyo iliyochomolewa waya.

Nilimweleza mke wangu nikidhani atacheka. Hakucheka. Alikaa kitandani na nguo alizokuwa anakunja.

"Mama anamjua huyo mtu," akasema.

"Labda wimbo tu umemkera."

"We, mama hakereki na nyimbo. Anamjua."

Niwaeleze kitu. Mke wangu hakumwona baba yake. Aliambiwa alifariki yeye akiwa bado tumboni. Jina kaambiwa, ila kaburi hajaonyeshwa, na picha hakuna hata moja. Tangu utotoni akiuliza, jibu ni moja: "Alikufa. Yaishe." Nimeishi naye miaka, na nimemwona akiwatazama wazee wa watu barabarani, akitafuta pua yake kwenye nyuso zao. Inauma kuliko ninavyoweza kuandika.

"Je, kama hilo jina ni la kunifunga mdomo?" akaniambia. "Je, kama hakufa? Mtafute huyo mwimbaji, tafadhali."

Nikaweka kipande cha wimbo mtandaoni: anayemjua mwenye sauti hii anitafute haraka.

Haikupita wiki, akaja dukani mzee mmoja. Mrefu, shati limepigwa pasi, sauti nzito hata akisalimia. Nitamwita Mzee Besi.

"Mimi ndiye mnayemtafuta," akasema.

Sikumwamini. Mtandaoni kila mtu ni mwimbaji. Nikampigia simu mke wangu, akaja mbio bado na kitambulisho cha kazini shingoni.

"Mzee, tuimbie," nikamwambia.

Akaketi kwenye godoro la maonyesho, akafumba macho, akaimba. Jamani! Nikawasha wimbo kwenye simu, nikauweka sambamba na yeye. Uzito ule ule, mwendo ule ule, hata pale sauti inapozama mwishoni mwa mstari. Wateja wawili waliacha kubonyeza magodoro wakabaki wanasikiliza.

Halafu akatuelezea gereji yenyewe. Mlango wa bati unaokwama. Shimo la kukagulia magari, ambamo mwimbaji alikuwa anateremka ili sauti ipate mwangwi. Mambo hayo hayapo kwenye jalada. Mtu huyu alikuwepo, hilo ningeapa.

Na hakuomba kitu. Hilo ndilo lililonimaliza.

Mke wangu akamtajia jina la mama yake.

"Unamfahamu?"

Mzee akainamisha kichwa.

"Mimi sijui baba yangu," mke wangu akasema, na machozi yakaanza. "Niambie ukweli. Ni wewe?"

"Mwanangu," mzee akasema.

Hilo tu. Mke wangu akamwangukia kifuani pale pale katikati ya magodoro.

Sasa hapa ndipo tulipofanya ujinga. Tulimwalika nyumbani Jumapili, chakula cha mchana, na mama hatukumwambia. Mke wangu alisema akiambiwa atakimbia. Mimi nilikuwa na wasiwasi, lakini nani angemnyima mtu baba?

Mzee Besi alifika mapema. Alikaa ukingoni mwa kochi, anajifuta jasho wakati feni inazunguka. Mke wangu amevaa gauni jipya, hatulii, anakaa na kusimama.

Mama akatoka jikoni na sinia la glasi.

Akamwona mgeni, akasimama. Mzee naye akasimama. Nilisikia glasi zikigongana kwenye sinia.

"Mama, usikasirike," mke wangu akasema, maneno yanamtoka kwa kasi. "Najua kwa nini ulificha, na sina kinyongo. Nimempata baba."

"Umempata nani?"

"Baba. Huyu hapa. Mwenye ile sauti."

Mama akaweka sinia mezani. Hakupiga kelele. Ningefurahi angepiga.

"Mkwe," akaniita, "leta ile mashine yako hapa."

"Mama, ulisema..."

"Najua nilichosema. Ilete."

Nikaibeba mashine na spika, nikafunga nyaya. Mke wangu alinitazama, mimi nikamtazama mzee, mzee akatazama mlango. Nikaweka sindano. Ile sauti nzito ikajaa sebuleni.

"Mwimbie," mama akamwambia mzee.

"Dada, tuyaache haya..."

"Si wimbo wako? Uimbe."

Akaimba. Sauti ilitetemeka mwanzoni, kisha ikashika njia, ikalingana na santuri kama ilivyolingana dukani. Mke wangu alikuwa anatabasamu na kulia kwa pamoja. Mama alisikiliza mpaka ubeti ukaisha, mikono ameifunga kifuani.

"Umeupata vizuri sana," akasema. "Ulijifunza lini?"

Mama akaisogelea mashine. Msiozijua mashine hizi, pembeni kuna swichi ya mwendo. Santuri kubwa huzunguka taratibu, mara thelathini na tatu kwa dakika. Zile ndogo za wimbo mmoja mmoja huzunguka kwa kasi, arobaini na tano. Akarudisha sindano mwanzo, kwa mkono uliotulia kuliko wangu, akasukuma swichi kwenye arobaini na tano.

Akaimba msichana.

Nasema msichana. Sauti nyembamba, kali, yenye kicheko ndani yake, na gitaa lililokuwa likijikokota sasa linakimbia, ngoma zinarukaruka. Wimbo wa pangoni ulikuwa wimbo wa kucheza! Nilimtazama mama mkwe wangu. Midomo yake ilikuwa inasema kila neno kabla ya santuri kulisema.

Santuri yao ilikuwa ndogo, ya arobaini na tano, na aliyeinakili aliizungusha kwa mwendo wa santuri kubwa. Dunia nzima ya wapenda saikedeliki, nami nikiwa kiranja wao, tulikuwa tunaabudu kosa la swichi.

Na Mzee Besi aliimba sawasawa na lile kosa. Hakuna binadamu aliyewahi kuuimba wimbo ule kwa sauti ile. Aliyeuimba hivyo alijifunza kwenye santuri mpya, kama mimi.

"Wewe si ndiye uliyekuwa unaosha magari pale gereji?" mama akamuuliza. "Unatufungulia mlango?"

"Ndiye mimi, dada." Sauti yote nzito ilikuwa imemkauka. "Nilidhani mmeisha wote. Nilitaka na mimi nionekane nilikuwepo."

"Ulikuwepo. Na mtoto wa mtu ukamwita mwanangu?"

"Aliniuliza huku analia. Nikashindwa kumwambia hapana."

Nilimkasirikia mtu yule, nisiwafiche. Nilishamsogelea hatua mbili, na sijui ningefanya nini. Kilichonizuia ni mke wangu. Alikuwa ameokota mkoba wake na kusimama katikati ya sebule, hajui anakwenda wapi.

"Kwa hiyo sina," akasema. "Sina baba. Nimejidhalilisha bure mbele ya watu."

"Keti," mama akamwambia.

"Mama, niache nitoke."

"Keti, mwanangu. Mimi sijakudanganya hata siku moja. Baba yako alikufa, nawe ulikuwa tumboni." Akashusha pumzi. "Amplifaya tuliiunga wenyewe. Mvua ilikuwa imeingia gereji, sakafu imelowa. Tulishamaliza mazoezi, kila mtu anataka kwenda kwao. Mimi ndiye niliyesema turudie mara moja tu. Baba yako akashika nyaya zile..."

Akashindwa kuendelea. Mzee Besi alikuwa amefunika uso kwa viganja. Yeye pia alikumbuka siku ile.

"Picha nilizichoma mwenyewe," mama akasema. "Niliona nikizitazama nitarukwa na akili. Nikaacha kuimba. Ukiniuliza, ningekwambia nini? Kwamba nimemuua baba yako kwa wimbo?"

Santuri ilikuwa bado inazunguka. Ilifika mahali ambapo sauti inanyamaza na gitaa linabaki peke yake.

Mama akainua kidole.

"Huyo hapo," akasema. "Unayemtaka ndiye huyo. Msikilize anavyokimbia. Hakuwa mtu wa kujikokota, mume wangu. Ile Jumamosi nilipowasikia mnavyomkokota, niliona anakufa tena."

Mke wangu aliweka mkoba chini. Akapiga magoti mbele ya spika, akaweka kiganja juu ya kitambaa kinachoifunika, mahali panapotetemeka. Alikaa hivyo mpaka gitaa likaisha.

"Rudisha," akaniambia.

Nikarudisha sindano. Nikarudisha tena. Mzee Besi alinyanyuka kimya kimya, na mama, bila kumtazama, akamwambia akae ale kwanza. Alikula kidogo, akaomba radhi kwa kila mmoja wetu kwa zamu, akaondoka. Mpaka leo sijui kama nimemsamehe.

Nilipoingia na chai, nilimkuta mama naye ameketi sakafuni, magoti yake mabovu na yote, bega kwa bega na mwanawe.

"Hapo," alikuwa anasema. "Umesikia? Amekosea."

"Wapi? Sijasikia."

"Hapo wimbo unapokata kona. Kidole kimeteleza. Mimi nilikuwa natoka kwenye shimo, akaniangalia, akapotea." Akaguna, na ndani ya mguno ule nilisikia kicheko cha yule msichana. "Mkwe, rudisha kidogo. Hajasikia baba yake alivyokosea."

Ndugu zangu, niliuliza mtandao mzima, nikaleta tapeli mpaka sebuleni, na mwenye majibu alikuwa anakula mezani kwangu kila siku. Mzazi wako akinyamaza juu ya jambo fulani, usikimbilie kudhani anakuficha. Pengine linamuuma na hajui pa kuanzia. Usimletee mashahidi. Kaa naye, mpe muda, na akianza kusema, zima simu.

Ndiyo maana namba moja niliiacha wazi: mnayoisikia si sauti yao. Na wewe uliyeinunua ile santuri, nakuomba kama mkwe wao: iweke arobaini na tano.