Ukurasa Aliouvuta Baba

Jana jirani alisokota tumbaku kwa karatasi ya Biblia mlangoni kwangu, nikamfukuza kama mbwa. Karatasi ile nyembamba ikiungua ina harufu tamu kidogo. Siivumilii.

Baba alifanya kazi kwenye treni za kubeba mukuba, shaba ya migodini, na hakujua kusoma. Nyumba yetu ilikuwa ya kampani. Siku moja mujomba, kaka yake mama, alikuja na Biblia yake iliyojaa maandishi ya kalamu kila ukurasa, akanisomesha Zaburi ya milima inayotikisika na magari yanayoteketezwa kwa moto.

“Milima ni bazungu,” akasema. “Magari ni treni zao. Vita iko inakuja hapa hapa.”

“Funga kinywa! Batatufukuza mu nyumba!” Baba alimpokonya kitabu, akachana ukurasa, akanisogezea machoni. “Ni hii?”

Haukuwa ukurasa wa Zaburi ile, alichana uliotangulia. Mgongo wangu ulikuwa bado unaniuma kwa mkanda wake wa asubuhi. Nikasema, “Ndiyo, baba.”

Alisokotea tumbaku humo, akavuta taratibu, moshi akimpulizia mujomba usoni. Mujomba aliondoka na hasira zake, kitabu akakisahau.

Siku tatu baadaye polisi walipekua nyumba za wafanyakazi. Kwetu waliikuta Zaburi mahali pake, na pembeni maneno ya kalamu: vita ya kuangusha bazungu. Walimfunga baba kamba. Hakuwatazama wao, alinitazama mimi.

“Ile karatasi nilisha kuivuta,” akawaambia. “Mutoto alisema ni ile.”