"Hapana" Ilikatika, Ikabakia "Na"

— Weye njo ulisema tulete!

— Miye nilisema hapana kuleta, Katsuva! Hapana!

— "Mumuchunge na kuleta Bunia." Njo nilisikia, docteur, na masikio yangu mbili!

— Basi masikio yako iko ya mbuzi!

Docteur Angèle alikuwa amesimama mu bureau ya shirika yetu ya afya, mutaa wa Bigo, hapa Bunia, simu mukononi. Katsuva, infirmier, muuguzi wetu wa Mambasa, alikuwa anapigia toka poste yetu ya afya ya Lolwa, katikati ya pori. Gari yake ilizama mu potopoto, matope ya barabara, tangu jana.

Nyuma yake, ku kitanda, mama Plamedie. Mimba miezi munane, tension ya damu juu kabisa. Na sasa uchungu imeanza.

Docteur alitaka mama abakie Mambasa, hospitali iko karibu na kwake. Ile barabara ya kuja Bunia inaweza kuua hata mutu muzima.

Miye nilikuwa chini ya meza, natafuta kable.

Uongo. Nilikuwa najificha.

Nilijua ile "hapa" ya "hapana" ilienda wapi. Miye njo niliitupa.

Ngoja nieleze. Kazi yangu ni réseau, mutandao ya simu na mamashini. Diplome sina, niliacha masomo mu deuxième année, mwaka wa pili, na somo ya réseau ilikuwa ya mwaka wa tatu. Mucheke tu.

Simu za maposte yetu yote inapita ku satellite. Pale nilitiaka sauti mbele: sauti ipite kwanza, mafaili na mapicha ingoje. Lakini hata ile njia ya mbele iko na barrière, kizuizi kama ya barabara. Na barrière iko na kitu inaitwa burst: ruhusa ya kupita wengi kwa mara moja, hata kama banazidi kidogo.

Vipande vya sauti ni kama pikipiki: burst ikiwa ya kutosha, tano zikifika pamoja zinapita zote. Ikiwa kidogo, mbili zinapita, na tatu hazingojeshwi. Zinatupwa mu mufereji. Na ukitupa kipande cha sauti, hakirudi.

Sasa, muzee Théodore wa administration, kila asubui ku ripoti ya maposte kwa simu, anaongea mpaka chai inapoa. Juma mbili zilizopita nikasema: nitamufanyia muchezo kidogo. Nikapunguza burst.

Asubui ile maposte kumi na moja ikaingia ku simu pamoja, na Théodore akatoka ku simu: "Nd...gu z...ngu, le...o tu..." Kama mbuzi mwenye mafua. Tulicheka mpaka machozi.

Nilizani nimegusa ripoti peke. Kumbe nimegusa sauti zote. Halafu nikasahau, na batu bakazani ni satellite tu.

Jana asubui, saa ile ile ya ripoti, docteur akasema: "Mumuchunge, hapana kuleta Bunia."

Katsuva akasikia: "Mumuchunge, na kuleta Bunia."

— Nilirudilia hata! — Katsuva alikuwa analia sasa. — Niliuliza, "Tulete?" Ukanya... ukanyamaza!

— Nilijibu hapana! Katsuva, miye nachoka. Tukimaliza hii, uweke blouse ya uuguzi chini. Kazi yako imeisha.

Pale nikatoka chini ya meza.

— Docteur, haiko yeye. Ni miye.

Akaweka simu ku meza, karibu na miye, tusikie bote.

— Unaweza kutengeneza?

— Ndiyo.

— Basi unangojea nini?

Mustari moja. Niliandika namba moja ku router, mashini inayogawa njia, sekunde ine. Juma mbili za uzembe, sekunde ine.

Sauti ya Katsuva ikaingia safi, mpaka tukasikia Plamedie anapumua. Docteur akavuta kiti.

— Katsuva, mutoto wangu. Unisamehe. Sasa unisikilize. Tension ngapi?

Masaa matatu docteur aliongoza kwa simu. "Pima tena." "Piga sindano pole pole." "Hapana kusukuma bado, mama. Hapana!" Kila "hapana" ilifika muzima. Miye nilikuwa nazihesabu.

Halafu kilio. Mutoto mwanamuke, mudogo sana, lakini iko na sauti ya wakili.

Docteur akaweka kichwa ku meza. Théodore, mwenye alisikia yote toka mulango, akaingia. Akaweka karatasi mbele yangu: demande d'explication, barua ya kunidai nieleze kosa. Bandugu, nilisoma vitu mingi nusu, lakini hii somo nilisoma yote: mutu anaweza kufa mu kitu weye unaita muchezo, na hautasikia kishindo. Ukigusa kitu ya batu bote, rudisha vile ilikuwa mbele ya kucheka.

Nikaanza kuandika. Katsuva akaita tena ku simu.

— Plamedie anataka kusema na mutu wa mamashini.

Nikajitayarisha kwa matusi.

— Ni weye? — Sauti yake ilikuwa chini, imechoka.

— Ni miye, mama. Unisamehe.

— Bruno, bwana yangu, ametoka ku pori kupasua mbao, akakuta nyumba na ngufuli. Jirani aliita: anasema nilimutoroka na infirmier. Kesho panda moto, pikipiki, mpaka Mambasa, umuelezee. Weye mwenyewe, kwa mudomo. Hapana kwa simu.