Samaki Watatu na Maji ya Matanga

Jirani yetu alipomaliza kazi yake Bunia na kurudi kwao Kisangani, hakupata nafasi ndani ya ndege ya kubeba chombo chake cha kioo. Kilikuwa chombo cha kufugia samaki, kirefu kama kitanda cha mtoto mchanga, na ndani yake mlikuwa na samaki wanne wa rangi ya chungwa. Aliwatoa Kampala ndani ya mfuko wa plastiki, juu ya magoti yake, siku mbili barabarani. Hakutaka kuwaacha kwa mtu yeyote tu.

"Mama," alimwambia mke wangu, "nakuachia hizi. Weye ni mutu wa ziwa, utazichunga."

Mke wangu alizaliwa kando ya Ziwa Albert, na mama yake alikuwa mkaushaji wa samaki. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Siye kwetu samaki tunaijua na chumvi," alisema. "Samaki ya kuangalia tu, sijaiona hata siku moja."

Lakini aliwapokea. Watoto wetu walikuwa wameoa na kuolewa mbali, na nyumba yetu hii ya mtaa wa Mbunya, ambayo Mungu alitupatia baada ya kukimbia vita vya Djugu bila kitu mikononi, ilikuwa na ukimya mwingi. Majirani walipita kumtania. Mmoja alisimama mlangoni akauliza, "Mama, hizi mutazikula Noeli ao Pasaka?"

"Nitaanza na weye," mke wangu alimjibu. "Weye ndiyo umenona."

Dominika ya tatu tulirudi kutoka misa tukakuta samaki watatu. Wa nne tulimtafuta hadi tukamwona nyuma ya kabati, amekauka, vumbi jekundu limemshika pande zote, mwepesi kama ganda la karanga. Mke wangu alimweka kwenye kiganja.

"Ilikuwa inaenda wapi?" aliniuliza.

Nimekuwa katekista kwa miaka mingi, na nimeulizwa maswali magumu na watoto wa komunyo ya kwanza na wazee wanaokaribia kufa. Hilo hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Ilikimbia," alisema mwenyewe. "Mutu anakimbia wakati fasi yake ya kukaa imeharibika."

Tulimpigia jirani simu. Alituuliza maji yalifika wapi. Mke wangu akamwambia kwa fahari kwamba alikuwa ameyajaza vizuri, hadi juu. Jirani akatueleza kwa upole kwamba samaki wa ndani ya kioo hajui mwisho wa maji yake. Maji yakijaa hadi ukingoni, mruko mmoja mdogo unamtoa nje. Anaruka akishtuka, anaruka maji yakibadilika ghafula, anaruka asipokuwa na mahali pa kujificha. Kwa hiyo maji yapungue vidole vinne, chombo kifunikwe na kitu kinachopitisha hewa, na mawe yawekwe ndani.

Mke wangu alishika maneno hayo kama amri. Alipima vidole vinne kutoka juu, akachora mstari kwenye kioo kwa rangi nyekundu ya kucha aliyoisahau mjukuu wetu. Seremala wa mtaa alimtengenezea fremu ya mbao, naye akaishonea kipande cha chandarua. Umeme ulipokatika, alifunika kioo kwa kitambaa chake cha kanisa, kwa sababu taa ikirudi ghafula samaki wangeshtuka. Kwa mwaka mmoja na zaidi hakuruka hata mmoja.

Halafu miguu yake ikaanza kuvimba. Daktari alisema ni moyo. Alipoteza nguvu za kwenda shambani, kisha za kwenda kanisani, kisha za kufika jikoni. Tulimtandikia godoro saloni, yaani sebuleni, uso wake ukielekea kioo. Padri alimletea Ekaristi, mimi nilimsomea masomo ya siku, na baada ya hapo alitazama samaki. Ninamshukuru Mungu kwa miezi ile. Hakulalamika, na mimi nilipata wakati wa kumhudumia kama alivyonihudumia.

Asubuhi moja aliniita. "Muzee, mimi nikienda, usiziache ziruke."

Nilianza kumwambia kwamba Mungu anajua siku zetu zote, na kwamba nitamwombea.

"Maombi najua utafanya," alinikatiza. "Mimi nakuomba kifuniko."

Nikamwahidi. Lilikuwa jambo dogo, na katika maisha yetu yote ndilo pekee aliloniomba nikiwa na uwezo wa kulitimiza peke yangu. Siku zilizofuata, kila alipoamka alitazama kifuniko kwanza, kisha mimi.

Alifariki alfajiri ya Alhamisi, akiwa ameshika rozari.

Kwetu, nyumba yenye matanga haikosi maji. Kabla ya unga na kuni, wamama wa kanisa hufika na bidoni, madumu ya maji ya njano, kichwani, na kazi yao ya kwanza ni kujaza kila chombo kilichomo nyumbani: pipa, sufuria, beseni, birika, hata kopo la kuogea. Chombo kitupu nyumbani mwa msiba ni aibu ya mtaa mzima. Na aliyefiwa hatumi mtu, hakatai kitu, hasahihishi neno. Anakaa chini kwenye mkeka na kupokea. Mimi mwenyewe nimewafundisha vijana wengi hivyo: anayekuja kukufariji, usimpime.

Nilikuwa nimekaa ukutani. Viti na kabati vilikuwa vimetolewa nje ili watu wapate nafasi ya kukaa karibu na marehemu. Chombo cha kioo peke yake kilibaki kwenye kona, kwa sababu kilikuwa kizito. Aliyewaongoza wamama alikuwa rafiki mkubwa wa mke wangu, mwanamke aliyekimbia pamoja nasi, akatembea pamoja nasi njia yote mpaka mjini. Alimaliza mapipa ya nje akaingia saloni. Akasimama mbele ya samaki.

"Angalia, hii nayo haijajaa," alimwambia mwenzake. "Marehemu alikuwa anazipenda. Leta bidoni ingine."

Aliinua kifuniko akakiweka nyuma ya mlango ili kisilowe. Akamimina maji ya kisima pole pole, mkono mmoja chini ya mdomo wa bidoni, maji yakipita kwanza kwenye vidole vyake ili yasiwapige samaki. Niliyaona yakifika kwenye mstari mwekundu. Niliyaona yakiupita. Niliyaona yakisimama sawa na ukingo wa kioo, yakitetemeka.

"Papa, tumejaza yote," aliniambia.

"Mungu akubariki, mama," nilijibu.

Nilijiambia kwamba nitarekebisha baada ya sala. Baada ya sala kwaya ilifika na ngoma. Kesho yake asubuhi jeneza liliingia, na watu walinishika mikono kila upande. Kila nilipotupa macho kwenye kona ile niliona samaki watatu bado wamo, nikanyamaza tena. Neno moja kwa mtu mmoja lingetosha. Lakini niliona aibu kumwambia, mbele ya mwili wa rafiki yake, kwamba wema wake una kosa.

Tuliporudi kutoka makaburini tulinawa mikono mlangoni. Yule mama alitangulia ndani kutandika mikeka. Tulimsikia akiita.

"Papa, samaki za marehemu zimetoka. Nani amezifungulia?"

Wawili walikuwa sakafuni. Mmoja alikuwa karibu na godoro la mke wangu, mwingine kizingitini, kama aliyekuwa akitafuta njia ya nje. Wa tatu alikuwa bado majini, juu kabisa, akifungua na kufunga mdomo.

"Ni watoto," mtu alisema. "Watoto wa sasa wanagusa kila kitu."

"Hapana, si watoto," nilisema. "Ni mimi. Niliachiwa kazi, sikuifanya."

Walidhani ni uchungu unaosema. Nilisimama, nikachukua kopo, nikaanza kuchota maji kutoka kwenye kioo na kuyamwaga kwenye beseni. Shemeji yangu alinishika bega. "Kaa, shemeji. Matanga haijaisha. Wamama watafanya."

"Niache. Hii kazi wamama hawaijui."

Nikachota hadi mstari, nikaenda nyuma ya mlango kuchukua kifuniko, nikakirudisha mahali pake. Watu walinitazama. Ndipo nikarudi kwenye mkeka, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi nikalia.

Wiki kadhaa zilipita. Yule mama aliendelea kuja, akiniletea sombe, mboga ya majani ya muhogo, na kunisaidia kufagia. Siku moja alikuwa akipangusa kioo, akaona rangi ya kucha.

"Papa, huu mustari ni wa nini?"

Ningeweza kusema ni uchafu wa watoto. Nilimweleza yote: vidole vinne, kifuniko, simu ya jirani, ombi la mke wangu. Alisikiliza huku kitambaa kikidondosha maji kwenye miguu yake. Kisha akaketi sakafuni.

"Siku ile, wakati nilikuwa namwaga, mulikuwa munaniangalia?"

"Nilikuwa nakuangalia."

"Na mukanyamaza."

"Nikanyamaza."

"Sababu gani?"

"Ulikuwa unamwaga pole pole sana," nilisema. "Na ilikuwa matanga."

Alitikisa kichwa. "Mungenikemea, Papa. Ningekasirika siku moja, na samaki za rafiki yangu zingekuwa hapa. Mulinipenda vibaya."

Nimeomba sana juu ya jambo hili. Nilidhani ukimya wangu ulikuwa uvumilivu. Leo nauona kuwa ulikuwa woga. Padri aliniambia nisijisumbue kwa ajili ya samaki wawili, naye alisema kwa upendo. Lakini ahadi niliyoitoa haikuwa kwa samaki. Ninamshukuru Mungu kwamba aliniachia mmoja. Ninamlisha asubuhi, naangalia kifuniko, na mahali pale ambapo wengine wawili walikuwa wakilala kati ya mawe ni patupu.

Mwezi uliopita, katika mtaa wetu, mwanamke aliyekimbia Djugu na kuhifadhiwa na ndugu zake alifiwa na binti yake wa miaka sita. Ilikuwa homa, na haikuchukua siku nyingi. Nilikwenda kuongoza sala. Wamama walifika na bidoni zao, na yule mama, rafiki wa mke wangu, akiwa mbele. Hakumimina. Alitua bidoni yake mlangoni, akaenda akachuchumaa mbele ya mfiwa. Sikuwa nimewahi kuona mtu akifanya hivyo kwenye matanga, na wamama wengine walitazamana.

"Mama," alimwuliza kwa sauti ya chini, "hapa iko kitu tusijaze?"

Yule mwanamke akanyoosha kidole kwenye kikombe cha plastiki cha kijani kilichokuwa sakafuni, karibu na mahali godoro la mtoto lilipokuwa.

"Ile kikombe," alisema. "Iko na maji. Ndiyo mutoto alibakisha."

Ndani yake mlikuwa na maji kidogo, hata nusu hayakufika. Yule mama aliweka kisahani juu yake, akawaambia wenzake, "Musiguse pale." Wakajaza mapipa, wakajaza sufuria, wakajaza beseni, na kila walipopita na bidoni nzito kichwani walikizunguka kikombe kile, siku zote tatu za matanga.