Eda ya Mama Haikwisha

Baba alipofariki, nyumba yetu ya Ng'ambo ilijaa watu hata pa kuweka mguu hapakuwapo. Baada ya arubaini tukabaki wawili, mimi na mama. Mama ndugu kisiwani hakuwa nao. Aliletwa akiwa mtoto kutoka bara, enzi za utumwa, na jamaa zake walikuwa majirani tu.

Akakaa eda kama inavyotakiwa, miezi minne na siku kumi, ndani, bila wanja wala manukato. Siku ya kutoka, majirani wakaja wakamwosha, wakamvisha kanga mpya. Mama akangoja waondoke, akaivua ile kanga, akarudi kulala akaelekea ukutani.

Watu wakamsifu. Mtaani petu mjane anayezidisha eda ni mwenye mapenzi ya kweli na hofu ya Mungu, nami kwa ujinga wangu nikaona fahari. Wanawake wakawaleta binti zao waitazame subira hiyo. Maji nikiteka mimi, uji nikimnywesha mimi, ukili wa mikeka nikisuka mimi ili tupate kula, na kila anayeingia ananiambia nina bahati ya mama. Nilichoka hata nikamchukia. Nasema bila haya, maana ndivyo ilivyokuwa.

Mwezi wa saba akaukataa na uji. Hapo akaja mkunga wa mtaani, mwanamke wa Kingazija mwenye ulimi mkali. Wenzake wakiendelea kusifu, yeye aliuinua mkono wa mama, akauona ulivyokonda, akawatoa wote nje. Kisha akamwuliza mama mwenyewe ana nini.

"Subira sina, dada," mama akasema. "Nnashindwa kuinuka tu. Ntasemaje, na watu washansifu?"

Miezi saba nimelala naye chumba kimoja, na swali lile sikuwahi kumwuliza. Nililia kwa aibu, si kwa huruma.

Mkunga akawa anakuja kila alasiri, anamsuka nywele, anamlazimisha kula matonge mawili matatu, hamwambii avumilie. Ilichukua muda mrefu, na kuna siku tulirudi nyuma kabisa. Asubuhi mama alipotoka mara ya kwanza kwenda kisimani, jirani mmoja alisema kwa sauti kwamba kumbe mume husahaulika upesi. Miguu ya mama ikasita. Nikamwuliza kama anataka turudi ndani.

"Nataka," akasema, akaendelea kwenda.