Nilivyofiwa na Mume Asiye Wangu

Msomaji, usinicheke kabla sijamaliza. Miaka ya sabini nilikuwa afisa wa ustawi wa jamii mjini Kisii, na kazi yangu ilikuwa kufariji watu. Kutwa nilisikiliza wajane na wake waliopigwa, wala ofisini hakuna aliyeniuliza mimi nililalaje. Ndipo nikatumwa Ekerenyo kwa Mama Kerubo, aliyekuwa amefiwa na mumewe.

Nilimshika mkono nikamwambia, "Lia, mama. Usijikaze."

Yeye hakulia. Nililia mimi, tena kwa sauti, nikashindwa kunyamaza. Mama Kerubo akanikumbatia, akaninywesha uji.

"Mwanangu," akauliza, "wewe ukichoka humwambia nani?"

Nikazidi kulia. Majirani waliokuja kutoa pole wakaangalia ni nani aliyeumia zaidi, wakapanga foleni mbele yangu.

"Pole sana. Alikuwa mtu mwema."

"Asanteni," nikajibu kwa kwikwi, maana kueleza kulinishinda. Nyuma yao wazee wakaanza kunong'ona kwamba kumbe marehemu alikuwa na nyumba nyingine mjini.

Hapo mkubwa wangu wa kazi akatokea, kofia mkononi, kuona ninavyofariji. Jirani mmoja akamzuia mlangoni.

"Taratibu, bwana. Mke mdogo bado hajatulia."