Nilivyosukwa Kenyatta Market

Picha yangu ya kwanza ya Amerika ilipigwa mjini, kwenye studio ya ghorofani juu ya duka la viatu, na mpiga picha hakuipenda. Alisema masikio yangu hayaonekani vizuri. Amerika, alitueleza, inataka kuona masikio yote mawili ya kila mtu, na alisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyetumwa na Amerika yenyewe. Nilikuwa kidato cha tatu na nywele zangu zilikuwa fupi kwa amri ya shule, kwa hiyo kama masikio hayakuonekana kosa lilikuwa la masikio. Baba alicheka. Mama alinishika kidevu, akanigeuza kidogo, picha ikapigwa tena.

Tulikuwa watano: Baba, Mama, mimi, na wadogo zangu wawili wa kiume ambao siku hiyo walipigana ngazini juu ya nani atatangulia kupigwa picha. Kutoka hapo tulivuka barabara hadi kwenye saiba, duka la intaneti, ambako Baba alikuwa ameweka nafasi. Kila mtu mjini alikuwa anacheza ile bahati nasibu ya viza za Amerika. Makarani waliicheza, wachungaji waliicheza, na walimu wetu waliicheza halafu wakarudi darasani kutufundisha uzalendo.

Mwenye saiba alikuwa anasoma maswali kwenye skrini na kutuuliza kwa Kiswahili.

"Watoto?"

"Watatu," Baba akasema.

Hakuna aliyepepesa jicho, hata mimi. Na hapo ndipo tulipokosea.

Huyo ninayemwita Mama ni mdogo wa mama aliyenizaa. Aliyenizaa alifariki kabla sijajua kufunga vifungo vyangu mwenyewe, na kwetu Ukambani jambo kama hilo halina karatasi. Hakuna aliyeniasili. Nilitolewa nyumba moja nikapelekwa nyingine, nikaonyeshwa sahani yangu, basi. Halikuwa siri. Cheti changu cha kuzaliwa kilikuwa na jina la marehemu, nami nilikibeba mwenyewe shuleni wakati wa kusajiliwa mtihani. Lakini mtu akimuuliza Mama ana watoto wangapi, jibu lilikuwa watatu, na angeshangaa sana kama ungemwambia amekosea hesabu. Mdogo wa mama yako ni mama yako. Ungetaka awe nani?

Barua ya kuchaguliwa ilikuja mwaka uliofuata, nikiwa kidato cha nne. Baba aliisoma akiwa amesimama langoni, mfuko wa mkate ukining'inia mkononi, akaisoma tena, kisha akaingia ndani akafunga mlango kwa ufunguo kana kwamba kuna mtu aliyekuwa anakuja kumnyang'anya. Tuliishi Kileleshwa, kwenye nyumba ya serikali aliyopewa kwa sababu ya kazi yake, na mlango ule kwa kawaida hatukuufunga mchana. Majirani walijua kuna habari kabla hatujawaambia.

Barua yenyewe ilisema wazi kwamba kuchaguliwa si kupata. Baba alitusomea hiyo sehemu mara kadhaa, lakini mtaa haukutaka kuisikia. Kwa Nairobi, mtu akishachaguliwa ameshaenda. Kilichobaki ni kugawana vitu vyake. Mama mmoja wa nyumba ya tatu aliwekea friji yetu nafasi jikoni kwake. Mwingine alikuja na utepe wa fundi akapima mapazia yetu, akitwambia tusijali, tuendelee na shughuli zetu.

"Usikate kanzu kabla mtoto hajazaliwa," Mama alimwambia.

"Si nakata, napima tu," akajibu, akapanda kwenye kiti.

Baba alinunua masanduku matano. Langu lilikuwa la bluu, lenye magurudumu, na nilianza kulijaza kabla hata sijafanya mtihani wa mwisho. Shuleni wenzangu walijadili vyuo vya hapa nyumbani, nami niliwasikiliza kwa huruma. Nilikuwa na kiburi, na lazima niseme kiburi kile kilikuwa kitamu. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile tena, ya kutazama kila kitu, hata foleni ya choo cha bweni, nikijua kwamba nakiaga.

Mwezi wa Desemba, baada ya mtihani, kikundi chetu cha kusoma Biblia kilikutana kwa familia moja ya Muthangari, kama kilivyofanya kila wiki. Kulikuwa na wakili mle. Alimuuliza Baba, kwa mazungumzo tu, kama vyeti vya watoto viko tayari kwa mahojiano. Baba akasema viko, ila cha msichana kina jina la mamake marehemu. Wakili akaweka kikombe chini.

Alieleza polepole. Mtoto, kwa wale watu, ni yule uliyemzaa, au wa mwenzako wa ndoa, au uliyemchukua mahakamani akiwa bado mdogo. Mimi sikuwa yeyote kati ya hao. Tukisema ukweli, kwamba tulikosea wakati wa kujaza, huenda wale wanne wakapita. Tukidanganya na tukigundulika, mlango utafungwa kwa wote.

"Kuzaa si kazi, kazi ni kulea," Baba akamwambia.

"Mimi najua," wakili akasema. "Mwambie afisa wa ubalozi."

Baba hakuwa mtu wa kukata tamaa. Baada ya Krismasi alikwenda mjini, upande wa chini ambako hakuna karatasi inayoshindikana, akampata mtu wa kutengeneza cheti kingine ambamo Mama angekuwa ndiye aliyenizaa. Jioni alitueleza mpango huo kama mtu anayeeleza jinsi ya kubadilisha gurudumu. Mama alikuwa anachambua mchele.

"Njia ya mwongo ni fupi," alisema bila kuinua macho.

"Vizuri. Itatufikisha haraka."

Mama hakucheka. Hakukataa pia, na kwa wiki nyingi nilichukua kule kutokataa kwake kuwa ndiyo. Baba alikuwa ananifanyisha mazoezi baada ya chakula, yeye akiwa afisa. Ulizaliwa hospitali gani? Mama yako alikuwa anafanya kazi wapi wakati huo? Nilijibu vizuri kuliko wote. Mdogo wangu wa mwisho, ambaye alizaliwa na Mama kwa uchungu wa siku mbili, ndiye aliyekuwa anababaika mpaka Baba akasema huyu ndiye watakayemrudisha. Tulicheka sana. Mama alikuwa anaondoka mezani kabla mazoezi hayajaisha, na mimi nilidhani amechoka na kazi. Alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali, na mgongo ulimsumbua.

Jumamosi moja kabla ya mahojiano alinipeleka Kenyatta Market kusukwa. Nilikuwa nimengoja siku hiyo miaka minne. Shule yetu haikuruhusu nywele za kubandika, na kila msichana aliyemaliza kidato cha nne alijua kitu cha kwanza atakachofanya nywele zikirefuka. Tulipita kwenye moshi wa nyama choma hadi upande wa wasusi, ambako wanawake walitushika mikono kama jamaa waliotupoteza zamani. "Kuja hapa, mrembo! Mama, mlete hapa, tutammaliza sasa hivi!" Mama alichagua kibanda kilichokuwa na kiti chenye mgongo, kwa ajili ya mgongo wake.

"Ya kushuka ama ya mabega?" msusi akauliza.

"Ya mabega," Mama akasema. "Lakini msuke ndogo ndogo. Ndogo kabisa. Nataka zidumu."

"Hizo zitamaliza miezi mitatu, mum. Lakini tutakuwa watu wanne kwa hiyo kichwa."

"Hata watano."

Nilifurahi. Niliona anafikiria mbele, kwamba Amerika huenda tusipate msusi upesi. Wanne wale wakanizunguka, kila mmoja akachukua pembe yake ya kichwa, na kuanzia hapo sikuweza kugeuka. Ukisukwa na watu wanne unaona kilicho mbele yako tu. Mbele yangu kulikuwa na kalenda ya mwaka uliopita na mlango wazi, na Mama alikuwa amekaa nyuma.

Waliongea kuhusu bei za nywele, kuhusu mwanamume wa mmoja wao. Nusu ya kichwa ikaisha. Kisha Mama akaniita jina langu, lile la nyumbani.

"Ile karatasi ya baba yako sitaitoa," alisema.

Nilitaka kugeuka. "Kaa straight, dada," msusi wa kushoto akaniambia, akanirudisha kichwa kwa vidole viwili.

"Kwa nini?" nikauliza kalenda.

"Dada yangu alizaa mtoto mmoja tu. Nikikuandika wangu, itakuwa yeye hakuzaa."

Mikono ya wasusi haikusimama. Nilisikia nywele zikivutwa na mafuta yakinishuka shingoni. Nilimwambia kwamba marehemu hatajua. Nilimwambia kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyesema watatu. Akasema ndiyo, na bado ni watatu.

"Basi bakini wote," nikasema.

Nilisikia kiti chake kikilia, labda kwa sababu alikuwa anageuza mgongo, na baada ya muda akamwomba msusi maji ya kunywa. Msusi wa kulia, ambaye hakuwa amesema neno tangu tuanze, alichukua pindo la leso yake akanifuta uso, mara moja, bila kuniangalia, akaendelea kusuka. Nililia pale waziwazi. Nilikuwa na hasira, na nilimkasirikia marehemu zaidi kuliko Mama. Mwanamke ambaye simkumbuki sura alikuwa amenyoosha mkono kutoka kaburini Ukambani akanishika kwenye kiti. Nilitamani kweli asingekuwa amezaa.

Hadi leo sijui ni kipi kilichomuamulia Mama: jina la dada yake, au yale maneno ya wakili kwamba mlango utafungwa kwa wote. Alikuwa na watoto wengine wawili. Nimezifikiria sababu zote mbili kwa miaka mingi, na siku nyingine naichagua hii, siku nyingine ile. Walimaliza kunisuka jioni, wakachovya ncha kwenye maji ya moto, wakaniwekea kioo. Nilikuwa nimependeza sana, na hilo liliniudhi.

Walikwenda mahojianoni wanne, bila mimi. Mama alimweleza afisa kuhusu kosa la saiba, na afisa, kwa jinsi Baba alivyosimulia, aliuliza maswali machache tu, akaandika kitu, akawapitisha. Baba hakunitazama aliposimulia. Alikuwa amezoea kunitania kila siku, na kuanzia hapo akawa ananiongelesha kwa heshima, kana kwamba mimi ni mgeni, na hiyo heshima iliniuma kuliko chochote alichoweza kusema.

Sanduku langu la bluu lilienda. Vitu vya wadogo zangu vilikuwa vimezidi, na lilikuwa jipya, na mimi ndiye niliyesema walichukue. Friji ilikwenda nyumba ya tatu. Mapazia yalitoshea kule yalikokwenda, maana yalikuwa yamepimwa. Nyumba ya serikali ilipata mtu mwingine, na mimi nikapelekwa Muthangari, kwa ile familia ya kusoma Biblia, kwenye chumba cha uani. Walikuwa watu wazuri. Walinionyesha sahani yangu.

Pale uwanja wa ndege Mama alinishika kichwa kwa mikono yote miwili, akapitisha vidole kwenye msuko mmoja mmoja kama anayekagua kazi. "Zimeshika vizuri," alisema. Hakusema kingine, au alisema na sikusikia, kwa sababu mdogo wangu wa mwisho alikuwa anang'ang'ania sketi yangu akiuliza mbona sina mfuko.

Kufumua nywele ndogo kama zile ni kazi ya watu wawili, na kwetu mtu wa pili alikuwa Mama. Wiki ile ile waliyoondoka nilikaa kwenye kitanda changu cha Muthangari na kitana cha mkia, nikafumua peke yangu, na pale niliposhindwa kufikia nikakata kwa mkasi. Kesho yake nikaenda kwa kinyozi akasawazisha.

Mama alikuwa anapiga simu kila Jumapili baada ya ibada yao, ambayo kwetu ilikuwa jioni. Aliniambia kuhusu baridi, kuhusu kazi ya kuosha wazee aliyopata Baba, kuhusu shule ya wadogo zangu, na kabla ya kadi ya simu kuisha aliuliza kila mara swali lilelile.

"Nywele bado zimeshika?"

"Zimeshika, Mama."

"Nilijua. Niliwaambia wasuke ndogo."

Ikafika Jumapili ambayo yeye mwenyewe alikuwa amehesabu. Sasa inatosha, alisema, zikikaa zaidi zitakukata nywele. Akaniuliza ni nani atakayenisaidia kufumua kule nyuma ya kichwa, nisikofikia. Nilikuwa nimesimama dirishani na simu sikioni, mkono mwingine kichwani, kwenye nywele fupi kama za shule.

"Nimeshapata mtu," nikamwambia. "Tutafumua leo."