Nilimwandikia Doniyor Shukrani Zake

Siku Doniyor alipoanguka, daftari lake la shukrani lilikuwa linasomwa mbele ya shule nzima.

Tulikuwa wanafunzi mia mbili na arobaini, mstarini, baridi ya Machi inakata masikio. Mkuu wa shule alikuwa ameshika lile daftari kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika msahafu. Anasoma kwa sauti ya kutetemeka.

"Nashukuru kwa moshi wa tanuri la jikoni kwetu, unaonikumbusha kila asubuhi kwamba kuna mtu ameamka kabla yangu ili mimi nile."

Makofi. Matroni akafuta machozi kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwani.

Mimi nilikuwa nachekea tumboni. Sentensi ile niliitunga mimi, nikiwa nimechuchumaa chooni.

Ndipo nikasikia kitu kimedondoka nyuma yangu. Puu! Kama gunia la viazi.

Mnaonifahamu mtasema Oybek kaanza tena. Leo sitanii. Na nikitania mahali, ni kwa sababu sijui namna nyingine ya kulisimulia jambo hili hadi mwisho. Nivumilieni.

Basi.

Shule yetu ni ya bweni, nje kidogo ya mji wa Namangan. Ni shule ya watoto wanaotakiwa kufaulu. Pale hata mbwa wa mlinzi anatembea kama ana mtihani kesho.

Mimi nililala kitanda cha juu, Doniyor cha chini.

Doniyor alikuwa mtoto wa kijijini, mpole, mwenye masikio makubwa. Mama yake anaoka mikate. Baba yake yuko Urusi kwenye ujenzi, mwaka wa sita huo, anaonekana kwenye simu tu. Doniyor mwenyewe alikuwa kipanga wa kemia, na ndiye aliyechaguliwa kuiwakilisha shule kwenye mashindano ya mkoa.

Mshindi anaingia chuo kikuu bila mtihani na bila ada.

"Nikishinda," aliniambia siku moja, "baba hana sababu ya kubaki kule. Anarudi."

Hakusema tena. Doniyor hakuwa mtu wa kurudia maneno.

Kulikuwa na sharti moja. Ukilazwa zahanati ya shule ndani ya mwezi wa mashindano, jina lako linakatwa na nafasi anapewa wa pili. Shule ilisema sharti hilo ni kwa ajili ya kulinda afya zetu.

Sasa tuje kwenye hayo madaftari.

Mwaka wa nyuma yake wasichana wawili walizimia kwenye chumba cha mtihani. Wazazi wakalalamika. Shule ikakaa kikao, na kikao, baada ya chai na sambusa nyingi, kikaamua kwamba tunasoma sana lakini hatushukuru vya kutosha.

Ratiba haikupunguzwa hata dakika moja. Tuliongezewa daftari.

Kila asubuhi kabla ya chai, andika vitu vitatu unavyoshukuru. Ijumaa yanakusanywa. Mwalimu Manzura, wa biolojia, anayasoma yote peke yake. Mwisho wa muhula, daftari bora linasomwa mstarini.

"Sina muda wa kushukuru," Doniyor akaniambia wiki ya kwanza tu, huku anafunga kamba za viatu. "Asubuhi ndiyo saa yangu ya milinganyo."

"Mheshimiwa," nikamwambia, "umekuja kwa mtu sahihi. Mimi nitashukuru kwa niaba yako."

"Na mwandiko?"

Nikacheka. Mimi tangu darasa la sita naandika barua za wazazi wa watu. Nina mwandiko wa kina baba, nina wa kina mama, nina hata wa bibi mmoja mwenye mkono unaotetemeka.

"Unataka nini?" akauliza.

"Kazi zangu za kemia. Zote. Hadi muhula uishe."

Akafikiri kidogo. "Sawa. Lakini usiandike uongo. Uniulize kwanza."

"Naapa."

Tukapeana mikono kama wafanyabiashara wa farasi.

Kwa hiyo kila asubuhi, mimi nikiwa nimening'iniza kichwa kutoka kitanda cha juu, nilikuwa nauliza kwa sauti ya kadhi: "Ndugu Doniyor, mja wa Mungu, leo unashukuru kwa lipi?"

Mwanzoni alinipa vitu vya maana. Mama. Mvua. Swali la tano la jana lilitoka vizuri.

Kuelekea mwisho wa Februari majibu yakabadilika.

"Maji," akasema.

"Na nini?"

"Maji tu."

Kesho yake: "Maji."

Keshokutwa: "Maji. Na choo kuwa karibu."

"Weye vipi?" nikamfokea. "Mwalimu Manzura atasema umemdharau. Maji kila siku? Kwani wewe ni bata?"

Akatabasamu kwa midomo iliyokauka hadi kupasuka. "Andika unavyotaka basi."

Nikaandika nilivyotaka. Theluji juu ya miaprikoti. Sauti ya adhana ikichanganyika na kengele ya shule. Moshi wa tanuri. Nilikuwa nimeshika moto kweli. Mwalimu Manzura alianza kuchora nyota pembeni.

Na Doniyor alikuwa anakunywa maji. Jamani, alikunywa maji! Birika la chumba cha watu wanne linaisha kabla ya kengele ya kwanza. Mimi ndiye niliyempachika jina la Ngamia, na bweni zima likalipokea.

"Ngamia, tuachie walau tone la kuoshea meno!"

Alikuwa anakwenda chooni mpaka nikabandika karatasi mlangoni: OFISI YA DONIYOR. BISHA HODI. Watu walicheka wiki nzima. Yeye mwenyewe alicheka.

Akakonda. Sote tulikuwa tumekonda, ni msimu wa mitihani, na chini ya koti la baridi nani atajua?

Kinywa chake kikaanza kutoa harufu ya matofaa yaliyooza. "Unakula matunda kwa kujificha, bahili mkubwa wewe," nikamwambia. Kipanga wa kemia alikuwa ananuka asetoni ile ile iliyomo kwenye chupa za maabara yake, na hakujisikia. Au alijisikia. Hilo sitalijua.

Mara moja tu nilimwambia aende zahanati. Alikuwa anasoma ubaoni kwa kukunja macho kama mzee.

"Baada ya mashindano," akasema. "Zimebaki siku kumi na moja. Oybek, usimwambie mtu. Niapie."

Nikaapa tena. Zilikuwa zinanitoka kirahisi, zile yamini.

Na kazi zangu za kemia alizifanya zote. Hadi ya mwisho. Ya Alhamisi ile.

Ijumaa ndiyo akaanguka.

Nilimfikia wa kwanza. Alikuwa anahema kwa nguvu, haraka haraka, kama aliyetoka mbioni, macho nusu wazi. Mkuu wa shule bado ameshika daftari, hajui aliweke wapi.

Hospitalini, daktari alitoka na kusema neno moja: sukari. Kipimo chao hakikutoa hata namba, kiliandika tu kwamba imezidi.

"Huyu ana wiki kadhaa anaumwa," akasema. "Angeletwa mapema ni sindano, na maisha yanaendelea. Hakuna aliyeona chochote?"

Mwalimu Manzura alikuwa amekaa kwenye benchi la ukumbini, koti amelikunja mapajani. Akanigeukia.

"Alikuwa anakunywa maji sana?"

"Ndiyo, Mwalimu. Tulimwita Ngamia."

"Anakojoa mara kwa mara?"

Nikaikumbuka ile karatasi ya mlangoni. "Ndiyo."

"Mbona hakuandika?" Hakuwa ananiuliza mimi. Alikuwa anajiuliza mwenyewe. "Nimelisoma daftari lake kila Ijumaa. Mbona hakuandika?"

Ningeweza kunyamaza. Kunyamaza nako nilikuwa hodari.

"Alisema, Mwalimu. Kila siku alisema maji. Niliyekuwa naandika ni mimi."

Akaniangalia. Nilitamani anizabe kofi.

"Oybek, unajua kwa nini nayasoma madaftari mia mbili na arobaini kila wiki? Unadhani napenda habari za moshi?"

Nikaangalia koti lake.

"Muhula uliopita binti mmoja aliandika 'usingizi' siku tisa mfululizo. Nikampeleka kupimwa. Damu imekwisha mwilini. Mwingine aliandika 'Jumapili', 'Jumapili', 'Jumapili'. Kumbe kuna mwalimu alikuwa anampiga siku nyingine zote. Mtu akiulizwa kila asubuhi, anataja kile anachokipigania. Mimi huwa nasubiri neno linalojirudia." Akafumba macho. "Maji. Siku tatu tu zingenitosha. Nafundisha biolojia, Oybek."

Doniyor alikaa siku mbili kwenye chumba cha wagonjwa mahututi. Ya tatu, alfajiri, akafariki. Alikuwa na miaka kumi na saba.

Mashindano yalifanyika Jumanne. Alikwenda wa pili.

Baada ya siku saba, Mwalimu Manzura alinichukua tupeleke sanduku la Doniyor nyumbani kwao. Njiani hakunisemesha.

Langoni alikuwa amesimama mwanamume mwenye joho na mshipi kiunoni, kofia ya msiba kichwani, mikono yake imejaa makovu ya saruji. Alikuwa na masikio makubwa.

Baba yake Doniyor alikuwa amerudi.

Mama yake, Saodat kwa jina lake mwenyewe, alitukaribisha ndani, akatumiminia chai nusu kikombe kama anavyomiminiwa mgeni wa heshima.

Ukutani, kwenye msumari, ulining'inia mkate wa mviringo uliokauka. Umeng'atwa mara moja, pembeni.

Sote tuna mkate kama huo nyumbani. Unapoondoka kwenda mbali unauma kipande kimoja, mama anautundika, nao unakusubiri urudi uumalize. Wangu uliliwa na panya mwezi wa Oktoba. Mama yangu akaoka mwingine akaung'ata yeye mwenyewe, asimwambie mtu. Kughushi kumo kwenye damu yetu.

Mama Saodat alikuwa na lile daftari. Shule ndiyo ilimpa, pamoja na maua.

"Nisomee, mwanangu," akaniambia. "Macho yangu yamechoka."

Nikasoma. Theluji. Adhana. Moshi wa tanuri. Kila sentensi niliijua ilipozaliwa, na nilikuwa nacheka nini wakati naizaa. Wanawake waliokuwa kwenye kona walikuwa wanalia. Baba yake alisimama mlangoni, anasikiliza.

Nikawaza: hiki ndicho walichobakiwa nacho. Mtoto aliyekuwa na furaha. Nikisema ukweli, nawanyang'anya.

Nikafika ukurasa wa tisa. Nikaacha kusoma.

"Mama, nisamehe. Haya siyo yake. Ni yangu mimi. Nilimwandikia."

Mwalimu Manzura akainamisha kichwa.

Mama Saodat akachukua daftari mikononi mwangu, akalifunga taratibu.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Septemba mwanangu aliniandikia barua. 'Mama, nimefika. Mzima. Leta soksi.' Hiyo ndiyo barua yote. Mtu wa 'leta soksi' ataandika habari za moshi?" Akajaribu kucheka, ikashindikana. "Nimelala na daftari hili siku saba nikimtafuta ndani yake, nisimpate. Sasa wewe ulikuwa naye. Niambie yeye alisemaje."

Nikafumba macho ili nimwone vizuri, ameinama, anafunga kamba za viatu.

"Maji," nikasema. "Maji. Choo kuwa karibu. Maji. Maji. Kitanda cha chini. Jumapili tunalala hadi saa moja. Maji. Mama kapiga simu. Maji." Nikafumbua macho. "Siku moja alisema, 'Oybek.'"

"Ukaandika?"

"Hapana. Nilimjibu kwamba Mwalimu atadhani nimemhonga anitaje. Nikaandika machweo."

Hapo ndipo alipolia. Kwa mara ya kwanza tangu tuingie, akalia kwa sauti, na baba yake Doniyor akaja akakaa chini kando yake.

Alipotulia, alisimama akautungua ule mkate msumarini. Ulikuwa mgumu kama kigae. Akaleta bakuli la maji, akautia ndani, akasubiri hadi ulipolainika. Akaumega. Kipande baba, kipande Mwalimu, kipande yeye.

Upande ulioumwa, wenye alama za meno ya Doniyor, akanipa mimi.

"Siwezi, mama."

"Mkate hautupwi. Yeye hawezi kuja kuumaliza. Kula."

Nikala. Ulikuwa hauna ladha yoyote ila ya maji.

Hayo ndiyo yaliyonikuta. Shule bado ina madaftari, na mimi langu naliandika mwenyewe, vibaya, bila nyota hata moja. Jana niliandika: "Kitanda cha chini kina mtu mpya. Anakoroma. Sawa tu."

Fundisho langu ni fupi, na halipendezi hata kidogo. Soma, pigania unachopigania, na shukuru. Lakini shukrani yako iseme mwenyewe, hata kama ni neno moja baya baya, na usimpe mtu akupambie. Na ukiwa na rafiki anayeshukuru maji siku tatu mfululizo, usimtafutie sentensi nzuri.

Mshike mkono, hata kama umeapa, mpeleke zahanati.